MAISHA YA DAKTARI MOTOSAKU FUJINAGA, MLEZI WA KAMBA

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wasomaji watakuta hesabu za mazao, majina ya viongozi na habari za ghala zetu. Mambo hayo ni yetu, na ni wajibu yaandikwe. Lakini ni vema pia tuweke humu habari za mtu mmoja ambaye hakuwa wa kwetu wala hakutujua, ila kazi yake inamfikia kila mwanachama wa mwambao anayefuga kamba, na kila anayefikiri kuchimba bwawa.

Mtu huyo ni Daktari Motosaku Fujinaga wa Japani, ambaye wataalamu wa dunia humwita baba wa ufugaji wa kamba. Alizaliwa mwaka 1903 katika jimbo la Yamaguchi, akafariki mwaka 1973. Watu wengi hudhani kwamba sifa yake ni kumjua kamba. Kwa hakika wavuvi walimjua kamba kabla yake kwa karne nyingi. Sifa yake kubwa ni kujua kamba mchanga anakula nini. Na chakula chenyewe ni mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho matupu.

Jimbo la Yamaguchi liko katika ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa cha Honshu, na upande wake wa kusini umepakana na bahari ya ndani iitwayo Seto. Katika maji hayo huishi kamba ambaye Wajapani humwita kuruma-ebi, yaani kamba wa gurudumu, kwa sababu akijikunja milia ya mwili wake hufanana na mataruma ya gurudumu. Kamba huyu si mgeni kwetu pia, maana makao yake ni kuanzia Bahari ya Shamu na mwambao wa Afrika Mashariki hata Japani yenyewe. Wajapani humpenda kupita kiasi, na bei yake huwa kubwa zaidi akifika sokoni angali hai. Lakini bahari haina ahadi: mwaka huu hutoa kwa wingi, mwaka ujao hunyima.

Kijana Fujinaga alisoma elimu ya uvuvi katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, kisha akaajiriwa katika kazi ya utafiti ya kampuni ya uvuvi. Alipewa nafasi ya kuchunguza jambo ambalo wakati ule liliwashinda wote, nalo ni hili: je, kamba aweza kufugwa kutoka yai mpaka mezani, kama kuku? Katika nchi za Asia mabwawa ya kamba yalikuwapo tangu zamani. Huko Java, kwa mfano, watu walifungua milango ya mabwawa yao wakati wa maji kujaa, wakaacha bahari iwaletee kamba wadogo pamoja na samaki, kisha wakafunga na kungoja. Huo ulikuwa ufugaji wa kubahatisha. Mfugaji hakujua ataletewa wangapi, wala wa namna gani, wala lini. Ni kama mkulima anayengoja upepo umletee mbegu.

Katika miaka ya 1933 na 1934, katika visiwa vya Amakusa, Fujinaga alianza na kamba jike waliokuwa na mayai. Maumbile ya kamba hawa yalimsaidia kidogo. Kamba jike hupokea mbegu za dume mara tu ajivuapo gamba, mwili ungali laini, naye huzihifadhi mpaka siku ya kutaga. Kwa hiyo jike aliyevuliwa baharini huwa tayari na kila kitu. Hutaga usiku, na katika usiku mmoja aweza kuachia mayai laki kadhaa, kila yai likiwa na upana wa robo ya milimita hivi. Maji yakiwa na joto zuri, mayai huanguliwa kabla siku haijatimia. Fujinaga aliyaona hayo, akawa mtu wa kwanza kuyaangua mayai ya kamba huyu katika vyombo na kufuata hatua kwa hatua makuzi ya vitoto vyake.

Hapo ndipo furaha ilipogeuka kuwa mashaka. Kiluwiluwi wa kamba hafanani na mzazi wake hata kidogo. Siku ya kwanza na nusu ya pili huwa kama chembe yenye miguu ya kupigia maji, naye hali kitu, maana amebeba akiba ya kiini cha yai. Anajivua gamba mara kadhaa, kisha anageuka kuwa kiumbe mwingine, ambaye wataalamu humwita zoea. Sasa akiba imekwisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake anafungua kinywa ili ale. Asipopata chakula saa chache hizo, amekwisha. Basi katika majaribio ya kwanza viluwiluwi walikufa kwa maelfu katika daraja hiyo, na wachache tu walivuka. Mtafiti aweza kulala akiwa na viluwiluwi laki moja, akaamka hana kitu.

Wafugaji wetu wataelewa uchungu huo. Mama alikuwa mzima, mayai yalikuwa mazima, maji yalikuwa safi. Hata hivyo watoto walikufa. Jibu la haraka lingekuwa kulaumu ugonjwa, au kutafuta mama wengine. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Fujinaga aliinama juu ya hadubini, akakitazama kinywa cha kiluwiluwi. Aliona kwamba zoea hana nguvu za kuwinda wala kutafuna kitu kikubwa. Yeye huogelea tu, na kwa nywele laini za miguu yake huchuja yaliyomo majini. Kwa hiyo chakula chake hapana budi kiwe na sifa tatu: kiwe kidogo kuliko kinywa, kielee majini muda wote, na kiwe kingi kiasi kwamba kila achujapo apate. Kitu chenye sifa hizo zote baharini ni mwani mdogo.

Hapa inafaa tueleze mwani huo, maana si ule tunaoufunga kambani na kuuanika. Mwani mdogo ni mmea wa chembe moja, au chembe chache zilizoshikana. Hauna mzizi wala jani, lakini hula mbolea iliyomo majini na hupokea nuru ya jua kama mmea mwingine wowote. Aina moja huitwa diatomu, na kila chembe yake hujengewa kijumba cha madini kama kioo. Diatomu aliyoichagua Fujinaga ni Skeletonema costatum, ambayo chembe zake hushikana kama shanga katika uzi. Ukizipanga mia moja katika mstari, hazifiki urefu wa punje ya mchele.

Lakini kujua chakula ni jambo moja, na kukipata kila siku kwa wingi ni jambo jingine. Maji ya bahari yaliyotekwa hivi hivi huwa na diatomu leo na kesho hayana, au huja na viumbe wengine walao viluwiluwi. Ilibidi mwani wenyewe ulimwe. Mtaalamu mwenzake, Matsue, alikuwa amepata njia ya kuikuza Skeletonema peke yake katika maji ya bahari yaliyotiwa mbolea, bila kuchanganyika na aina nyingine. Fujinaga alichukua mwani huo, akawalisha viluwiluwi wake wa zoea. Wakala. Mtu akitazama kiluwiluwi aliyeshiba huona uzi mrefu wa kinyesi ukifuata nyuma yake kama mkia. Na hata leo mafundi wa vituo vya kuangulia hutazama uzi huo kabla ya jambo lolote. Wenye uzi wamekula. Wasio na uzi wana njaa, na siku yao iko karibu.

Wakavuka daraja ya zoea, wakaingia daraja inayofuata ambayo huogelea kichwa chini, wakaanza kula na wanyama wadogo wadogo, mwisho wakawa vifaranga kamili wenye sura ya kamba. Kazi hiyo yote Fujinaga aliiandika katika kitabu cha utafiti kilichotolewa mwaka 1942, chenye kurasa 89, na jina lake likachapwa kwa tahajia ya Hudinaga. Aliandika kwa Kiingereza, mwaka ambao nchi yake ilikuwa katika vita na Uingereza na Marekani. Ndani yake alieleza yai, kila daraja ya kiluwiluwi, na chakula chake. Hakuficha jambo.

Vita vilipomalizika mwaka 1945, Japani ilikuwa imechomeka na watu wake wana njaa. Wakati huo haukuwa wa kufuga kamba wa thamani. Fujinaga aliingia katika Idara ya Uvuvi ya Serikali, akawa mkuu wa sehemu ya utafiti. Miaka ikapita. Alikuwa na cheo, na watu wangeweza kudhani kwamba habari ya kamba imekwisha, imebaki katika maktaba. Yeye hakudhani hivyo. Alijua kwamba alichokifanya katika vyombo vya maabara kilikuwa nusu ya kazi tu, maana mkulima hawezi kuishi kwa kamba mia. Alipokaribia umri wa miaka 60, umri ambao wengi hutazamia kupumzika, aliiacha njia ya ofisi akarudi kwenye maji ya chumvi.

Mahali pa kwanza palikuwa karibu na mji wa Takamatsu, katika kisiwa cha Shikoku. Na mwaka 1963 kazi ilianzishwa huko Aio, katika jimbo lake la Yamaguchi. Pwani ya Seto ilikuwa na majaruba ya chumvi yaliyoachwa, maana chumvi ya namna ile ilikuwa haina faida tena. Majaruba hayo yakageuzwa kuwa mabwawa. Ardhi iliyodhaniwa imekufa ikapata kazi mpya. Hata leo Aio huhesabiwa na Wajapani kuwa chimbuko la ufugaji wa kamba wa kuruma.

Hapo ilizuka taabu nyingine. Kukuza mwani katika vyombo vya pembeni, ukiwa safi, kisha kuuhamishia kwa viluwiluwi, kulifaa kwa maelfu. Lakini kwa mamilioni kulitaka watu wengi, vyombo vingi na gharama kubwa. Kati ya miaka ya 1960, Fujinaga pamoja na Jiro Kittaka walitengeneza njia iliyo rahisi zaidi. Walijenga mabirika makubwa ya saruji, wakayajaza maji ya bahari yaliyochujwa, wakaweka humo kamba jike watage. Mayai yalipokwisha kuanguliwa, walitia mbolea ya chumvichumvi katika birika lile lile, ili diatomu za asili zilizomo majini zizaliane hapo hapo. Hivyo viluwiluwi walipofungua kinywa kwa mara ya kwanza, walikuta meza imeandaliwa mbele yao. Mtoto na chakula chake walikua katika chombo kimoja. Walipokua zaidi walipewa vitoto vya Artemia, yaani uduvi wa maji ya chumvi kali, na baadaye nyama ya chaza iliyosagwa.

Njia hiyo ilihitaji jicho na subira. Mbolea ikizidi, mwani hushamiri mno. Na usiku, jua lisipokuwapo, mwani hauzalishi hewa bali huitumia, na wenye kukaa majini hukosa pumzi kabla ya alfajiri. Mbolea ikipungua, maji hubaki meupe na viluwiluwi hufa njaa. Mafundi walijifunza kuyatazama maji kama mpishi atazamavyo chungu. Jambo hili halijabadilika. Mfugaji wa leo, hata katika bwawa la vifaranga waliokwisha kukua, huzamisha kibao cheupe majini: kikipotea machoni kwenye kina cha sentimita 30 hadi 40, mwani ni wa kadiri, kikionekana chini zaidi, maji yana njaa, kikipotea mapema mno, kuna hatari ya usiku.

Kamba waliokomaa walipozwa, wakapakiwa katika vumbi la mbao lililo baridi, wakasafirishwa hai mpaka masoko ya miji mikubwa. Ndoto ya mwaka 1933 ikawa biashara, baada ya miaka 30.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi wana ushirika zaidi ya yote. Mtu aliyetaabika miaka 30 angeweza kufunga mlango na kuuza siri yake kwa kipimo. Fujinaga aliwapokea wanafunzi. Mmoja wao, I-Chiu Liao wa Taiwan, alifanya kazi pamoja naye, akarudi kwao, na mwaka 1968 akafanikiwa kuwalea viluwiluwi wa kamba mkubwa mwenye milia, Penaeus monodon, ambaye pia ni mwenyeji wa bahari yetu. Huko Galveston, katika jimbo la Texas, wataalamu wa Marekani walijenga juu ya msingi huo huo, wakashika njia ya kukuza mwani pembeni na kuupima kabla ya kuwapa viluwiluwi. Njia zote mbili zimeenea duniani. Na katika Japani yenyewe, tangu miaka ya 1960, vifaranga walianza pia kumwagwa baharini ili kuongeza mavuno ya wavuvi wa kawaida, na vyama vya ushirika vya wavuvi vilishiriki kazi hiyo. Hivyo elimu ya bwawa ilimfaa hata asiye na bwawa.

Daktari Fujinaga alifariki mwaka 1973. Hakuona mambo yote yaliyofuata, mazuri na mabaya. Taiwan ilipanda upesi, na mwaka 1987 ilivuna zaidi ya tani 70,000. Mwaka uliofuata, 1988, mavuno yakaanguka kwa maradhi. Kamba walikuwa wamejazana mno mabwawani, maji yamechafuka, na watu wametanguliza wingi mbele ya uangalizi. Chakula hakikukosekana. Kilichokosekana ni kiasi.

Leo dunia hufuga kamba kwa mamilioni ya tani kila mwaka, wengi wao wakiwa kamba mweupe wa pwani ya Pasifiki ya Amerika, na kila kifaranga anayetoka katika kituo cha kuangulia amepita mlango ule ule wa zoea na mwani mdogo. Aina zitumikazo zimeongezeka: Chaetoceros, Thalassiosira, Tetraselmis na nyinginezo. Zaidi ya hayo, mwani mdogo sasa hutiwa hata katika chakula cha kamba wakubwa, si kama chakula chenyewe bali kama kiungo, kwa kadiri ndogo. Sababu zake ni mbili, nazo ni rahisi kueleweka.

Ya kwanza ni rangi. Kamba hawezi kujitengenezea ile rangi nyekundu inayojitokeza anapopikwa. Huipata katika chakula tu. Asipoipata hupauka, na mnunuzi humkataa. Mwani uitwao Haematococcus una rangi hiyo kwa wingi. Ya pili ni mafuta. Kamba huhitaji mafuta ya namna ipatikanayo katika samaki wa baharini, na kwa miaka mingi viwanda vilikamua samaki wadogo ili kulisha kamba, jambo ambalo huipunguzia bahari na wavuvi. Lakini samaki wenyewe hawayaanzishi mafuta hayo: asili yake ni mwani mdogo, unaoliwa na wanyama wadogo, ambao huliwa na samaki. Kuuchukua mwani moja kwa moja ni kwenda kisimani badala ya kununua maji kwa mchuuzi. Hata hivyo mwani uliokaushwa ungali na bei, na mfugaji mwenye busara hupima kwanza kama faida itazidi gharama, hasa ikiwa bwawa lake lina maji ya kijani ya kutosha ambayo hayakumgharimu ila mbolea kidogo na uangalizi.

Ndugu wanachama, katika mikutano yetu mara nyingi huulizwa kwa nini fedha ya Chama itumike kwa mambo madogo yasiyoonekana: kupima maji, kuwafunza vijana hesabu, kulea vifaranga kabla ya kuwagawa. Mwenye kuuliza hana kosa, maana ghala huonekana na gari huonekana. Maisha ya Daktari Fujinaga yanatupa jibu. Mama wa kamba aliweza kutaga mayai laki kadhaa kwa usiku mmoja, na yote hayakuwa na faida mpaka alipopatikana mtu wa kushughulikia chakula kisichoonekana kwa jicho. Mavuno ya kamba huamuliwa katika siku nne au tano za kwanza, wakati ambapo hakuna mnunuzi anayetazama.

Chama chetu kimetimiza miaka kumi. Kimekwisha kutaga, na kimekwisha kuangua. Vijana waliojiunga mwaka huu, wenye hisa moja moja na mabwawa ya kwanza, ndio walio katika daraja ya kufungua kinywa. Tukiwatimizia mahitaji yao wakati huu, watafika. Tukingoja wakue ndipo tuwasaidie, hatutakuwa na wa kumsaidia.